Kutoka Dodoma hadi kilele cha Hanang: siku sita za vumbi, maji na chumvi

Kabla lami ya Kondoa haijakamilika, ukitoka Dodoma kwenda Arusha kwa basi mara nyingi ulizungukia Singida. Kwa hiyo nimepita chini ya Mlima Hanang mara nyingi mno, na hata siku moja sikuwahi kukiona kilele chake. Nchi yote ile ni tambarare, kavu, miiba na vichuguu, halafu mlima mmoja peke yake umesimama, kichwa kimefunikwa wingu. Abiria wa dirishani walikuwa wakinyoosha kidole, "Hanang ule pale," nami nikitazama naona wingu tu.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Alfajiri ile mvua kubwa iliumeng'enya upande mmoja wa mlima, matope, mawe na magogo yakashuka hadi vijijini na mjini Katesh. Walikufa watu zaidi ya 80. Ofisini kwetu tulichanga nguo, mimi nikatoa vitenge viwili na blanketi la bluu. Dodoma tunapata mvua milimita 570 hivi kwa mwaka mzima, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Mtu aliyekulia kwenye foleni ya ndoo akisikia kwamba maji yameua, anashituka mara mbili. Tangu siku ile nilitaka kwenda.

Nilipata likizo mwanzoni mwa Septemba 2024, nikaenda na mdogo wangu wa kiume. Haya nimeyaandika nikiwa nimesharudi nyumbani, nikifuata daftari langu na picha za simu. Pale ambapo sikuandika kitu, saa nimeitoa kwenye picha.

Siku ya 1, Jumatano 4 Septemba: Dodoma – Kondoa

Saa 12 asubuhi tulikuwa Kituo cha Nanenane. Nauli hadi Kondoa Sh 8,000 kila mmoja. Tuliambiwa basi linaondoka saa 1 kamili, likaondoka saa 2 na dakika 20.

Barabara ni lami safi mwanzo hadi mwisho. Anayeikumbuka njia hii kabla ya 2018, wakati mtu alifika Kondoa nyusi zimekuwa nyekundu kwa vumbi, anajua neema iliyopo. Tulipita Mayamaya, na kitambo baada ya hapo tairi la nyuma likapasuka. Spea ilikuwepo, jeki haikuwepo. Tukakaa chini ya mbuyu saa moja na nusu hadi lori likasimama kutuazima.

Pale chini ya mbuyu nilikaa karibu na bibi mmoja wa Kigogo aliyekuwa anarudi kwa binti yake. Nikamsalimu, "Mbukwenyi," akaitikia "Mbukwa," akanisogezea kifuko cha karanga za kukaanga bila kuniuliza kama nina njaa. Aliposikia tunakwenda kupanda mlima alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ukifika huko juu uniangalilie mvua imejificha wapi." Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekuagiza sukari dukani. Niliandika maneno yake palepale.

Kondoa tuliingia saa 8 mchana. Kabla ya mji unaona makorongo, ardhi nyekundu iliyochanika kama kitambaa. Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wenyewe wanauita HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka ili nyasi zipate kurudi. Mzee mwenye gesti yetu alikuwa kijana wakati huo. Anakumbuka alivyoswaga ng'ombe wa baba yake usiku, anakumbuka na majina yao, akanitajia saba. Alisema kilima cha nyuma ya nyumba yao sasa kina miti, na kwamba baba yake alifariki bila kuridhika na jambo lile. Vyote viwili ni kweli kwake, na sauti yake ilikuwa ileile aliposema la kwanza na aliposema la pili.

Gesti Sh 15,000 kila chumba, safi, maji ya ndoo. Usiku tulikula ugali wa uwele na mlenda, Sh 2,500 sahani.

*Kwa atakayefuata:* Kondoa ni mji wa Warangi, na wengi wao ni Waislamu. Kina dada, beba kanga ya ziada. Hakuna atakayekusema, ila utaongea na watu kwa wepesi zaidi.

Siku ya 2, Alhamisi 5 Septemba: Kondoa – Kolo – Babati – Katesh

Kosta ya asubuhi hadi Kolo, Sh 2,000. Ofisi ya Mambo ya Kale iko kando ya barabara, mnalipa kiingilio, mnapewa mtu wa kuwaongoza. Hadi mapangoni tulikwenda kwa bodaboda mbili, Sh 10,000 kila moja kwenda na kurudi, na mwisho unapanda mawe kwa miguu.

Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, na kuta zenye michoro zinazidi 150. Hata ukikaa wiki nzima hutamaliza. Sisi tuliona pango tatu. Watu wembamba warefu, wekundu, vichwa vikubwa kama wamefunga nywele kwa namna fulani, wengine kama wanaelea. Mwongozaji alitukataza kumwagia maji picha ili ziwake. Watu walifanya hivyo kwa miaka mingi, na zimefifia kwa sababu hiyo.

Kilichonikaa moyoni ni pango la Mungumi. Mahali pale bado panatumika. Tuliona majivu ya karibuni na kibuyu kilichopasuka. Mwongozaji, kijana wa palepale, alisema wazee hupanda kufanya tambiko, hasa mwaka ukiwa mkavu, na wageni hawaji siku hizo. Nilimkumbuka bibi wa karanga. Nchi hii yote, kutoka Ugogo hadi Irangi, imemwinulia macho mtoa mvua kwa vizazi na vizazi.

Kolo hadi Babati ni safari nzuri kuliko zote tulizofanya. Barabara inapanda milima ya Bereko, miombo pande zote, baridi inaingia dirishani, halafu unashushwa taratibu hadi Babati na ziwa lake. Sh 4,000. Babati tulikula samaki na wali, tukapanda kosta nyingine ya Katesh, Sh 5,000. Tulibanwa watu wanne kwenye kiti cha watatu hadi Dareda, na hapo sina cha kusimulia.

Baada ya Nangwa jua lilikuwa linashuka. Mdogo wangu akanigusa bega. Mlima ulikuwa mtupu. Hakuna wingu hata la kufutia jicho. Tuliuona wote, kuanzia msitu wa chini hadi mgongo wa mawe juu, mkubwa kuliko nilivyoukadiria miaka yote niliyokuwa natazama nusu yake. Upande wa Katesh kuna kovu refu la rangi ya kahawia, limeshuka kutoka juu kama njia iliyolimwa na trekta. Ndani ya kosta watu wa pale waliendelea na mazungumzo yao. Mama mmoja tu, aliyekuwa na mtoto mgongoni, alifuata macho yangu akasema, "Ndiyo hapo, mwanangu."

Siku ya 3, Ijumaa 6 Septemba: Katesh

Siku hii niliitenga makusudi, na namshauri kila mtu afanye hivyo. Usifike leo ukapande kesho.

Kwanza kibali. Mlima Hanang ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo unajiandikisha ofisini, unapewa namba ya malipo, unalipia kwa simu, unaonyesha risiti. Ada ya Mtanzania ni ndogo sana kulinganisha na ya mgeni, ila hubadilika, uliza kabla. Mtandao ulikata, tukasubiri saa mbili na robo. Ofisa aliyekuwa zamu alitoka akatuletea viti kivulini, akatuchorea njia kwa kijiti mchangani. Mchoro ule nilioupiga picha ndio tuliotumia kesho yake kuliko ramani ya simu.

Mwongozaji tulimpata huko huko, kijana wa Kiiraqw kutoka kijiji cha Jorodom. Tulikubaliana Sh 50,000 kwa siku nzima.

Mchana alitupeleka kuona njia ya matope. Sikumwomba, alisema mwenyewe, "Dada, kama mmekuja kuuona mlima, muone na hii." Mto Jorodom wenyewe Septemba ni kijito, unauruka bila kulowa. Pembeni yake kuna uwanja mpana wa mawe, mengine makubwa kama gari dogo, yamelala pasipo na mpango. Nyasi zimeanza kuota katikati. Alituonyesha palipokuwa na nyumba ya baba yake mdogo. Hakuna kitu. Alisema alfajiri ile alisikia mlio kama lori la kokoto linamwaga mzigo, akangoja limalize, halikumaliza. Yeye na mama yake walikimbilia upande wa juu. Baba mdogo alinusurika, watoto wake wawili hapana. Alisema hivyo akiwa amesimama, akaokota jiwe, akalitupa mtoni, tukaondoka.

Wengi walidhani volkano imelipuka, na hadi leo wapo wanaouliza. Hapana. Wataalamu walieleza kwamba mwamba dhaifu ulinyonya mvua nyingi ya msimu ule hadi ukashindwa kubeba uzito wake, ukakatika. Hanang ni volkano iliyokwishalala zamani.

Tulirudi mjini kula. Mama mwenye mgahawa karibu na stendi alitupa makande na maziwa mgando, Sh 3,000. Kuta zake zimepakwa rangi upya, kijani mpauko, lakini nyuma ya mlango ameacha kipande kisichopakwa, upana wa kiganja. Nikasogea. Kuna mstari wa matope yaliyokauka, usawa wa kiuno changu. Juu ya mstari ukuta ni mweupe wa zamani, chini ni kahawia. Matope yamepasuka vipande vidogo kama ngozi ya kisigino, na ndani yake limenasa jani moja jembamba na uzi mwekundu, labda wa shuka. Mama alikuja akasimama pembeni yangu na sahani mkononi.

"Fundi alitaka apake pote. Nikamwambia hapa acha."

"Kwa nini, mama?"

"Wanangu wadogo hawakumbuki. Wakikua nitawaonyesha."

Nilimwambia habari ya nguo tulizochanga Dodoma, nikaona aibu kidogo maana ni kitu kidogo. Akanishika mkono. "Mwezi ule wote tulivaa nguo za watu tusiowajua. Ahsanteni." Alikataa kabisa tulipie chai.

*Kwa atakayefuata:* njia ya Jorodom haina maji. Tena nasema, haina. Mlima unaonywesha wilaya nzima haukupi tone kwenye mgongo wake, maji yote yanashuka kwa mabonde. Beba lita 4 hadi 5 kwa kila mtu. Nunua jioni, maana usiku wa manane duka hakuna. Sisi tulibeba pia chapati sita, mayai ya kuchemsha, ndizi, glukosi na chumvi kidogo kwenye karatasi. Sweta si hiari. Mimi nilikuwa na jembamba, na dada wa mapokezi pale gesti aliponiona ninavyolikunja alikwenda chumbani kwake akaniletea koti lake.

Siku ya 4, Jumamosi 7 Septemba: kilele

Bodaboda ilitufikisha mwisho wa mashamba saa 10 na nusu usiku. Nyota nyingi, upepo mkali wenye vumbi. Tulianza kupanda kwa tochi.

Hanang una mita 3,420 hivi, na unahesabiwa wa nne kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin. Urefu huo lakini haukuelezi kazi yenyewe. Kazi ni kwamba unapanda zaidi ya mita 1,500 na kuzishuka siku hiyohiyo, na mlima hauna mzunguko, hauna tambarare ya kupumzisha miguu. Njia inakwenda moja kwa moja juu kama ngazi. Sehemu ya kwanza ni vichaka, kisha msitu ambao upande huu wa kusini ni mwembamba kuliko ule wa kaskazini na mashariki unaopata mvua zaidi. Udongo ni vumbi laini kabisa. Unapiga hatua, unarudi nusu.

Kulipopambazuka tulikuwa tumetoka msituni, tuko kwenye nyasi ndefu za njano. Nikageuka nyuma. Katesh ilikuwa bati zinazong'aa, na baada ya Katesh hakuna mwisho. Nchi kavu imelala kuelekea Singida na Dodoma, rangi ya ngozi ya simba, vivuli vya miti vimetawanyika. Tulikula mayai pale, tukimwaga chumvi kwenye kiganja.

Saa 3 tulifika begani mwa mlima, pale wanapolala wanaopanda kwa siku mbili. Hapo mwongozaji alinitazama miguu, akaniuliza kwa upole, "Dada, tunaendelea?" Nikamwambia tunaendelea. Alichokuwa anaulizia nilikijua baadaye. Kuanzia hapo unafuata mgongo wa mlima, mawe pande zote mbili, na kila kilele unachokiona mbele ukikifikia unakuta kingine nyuma yake. Nilihesabu vinne. Kwenye cha tatu nilikaa chini nikalia kidogo, si kwa maumivu, kwa uchovu tu. Mdogo wangu alichukua mkoba wangu bila kusema neno akauvaa kifuani, wake ukiwa mgongoni.

Tulifika saa 6 kasoro dakika 10. Ni mawe, rundo dogo, na upepo. Picha niliyopiga hapo haifai kitu, mkono ulikuwa unatetemeka. Nilichokiona nitakieleza hivi. Upande mmoja chini kuna bonde kubwa la kreta lililofunikwa kijani iliyoiva, kijani ambayo sijaiona Dodoma hata mwezi wa Machi. Kaskazini kuna Ziwa Balangida, jeupe pe, halafu ukuta wa Bonde la Ufa umesimama nyuma yake. Magharibi ni nyanda za Basotu, miraba mikubwa ya mashamba ya ngano yaliyokwishavunwa. Na kuzunguka mlima wote, pale unapoishia mteremko, kuna mshipi wa mashamba na bati na miti, halafu mshipi unakatika na ukavu unaanza. Unaona kwa macho hadi wapi maji yanafika. Watu wamekaa pale pale yanapofikia.

Wingu lilianza kujikusanya tukiwa tumekaa. Halikuja kutoka mbali. Lilizaliwa pale pale ubavuni mwa mlima, kipande kama pamba, kikakua, kikatuzunguka. Uso wangu ukawa na unyevu. Basi, bibi, nimeiona. Imejificha huku.

Mwongozaji alikuwa ametazama chini kwao. Nilimuuliza kama hawajafikiria kuhama. "Serikali inawajengea wengine nyumba mahali pengine," akasema. "Sisi shamba letu halikuguswa. Haya maji ndiyo yaliyowaleta babu zetu hapa, dada. Ukienda mbali nayo unakufa polepole, ukikaa karibu nayo..." Hakumaliza, akaanza kufunga kamba za viatu.

Kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Goti langu la kulia lilianza kuuma tulipofika begani mwa mlima na halikunyamaza tena. Mwongozaji alikata fimbo, akanifundisha kushuka kwa ubavu. Maji yangu yaliisha saa 9 alasiri, ya mdogo wangu saa 10. Lita 5 zote, na bado tulifika chini midomo imekauka. Saa 12 na nusu jioni tukaingia uani kwao. Mama yake alikuwa ameshaweka maji ya moto kwenye beseni. "Weka miguu," akaniambia, nami shikamoo yangu haijamfikia vizuri. Kisha akaleta uji wa ulezi wenye maziwa. Nilikunywa vikombe vitatu.

*Kwa atakayefuata:* kama hujazoea milima, lala begani usiku mmoja uigawe safari. Usijaribu msimu wa mvua, kwa utelezi na kwa heshima ya yaliyotokea. Na usiende bila mtu wa pale. Tuliona mahali njia inagawanyika mara tatu gizani.

Siku ya 5, Jumapili 8 Septemba: Balangida

Asubuhi kengele za makanisa, Katesh yote imevaa nguo safi. Nilishuka ngazi za gesti kinyumenyume kwa sababu ya goti. Nilirudisha koti la dada wa mapokezi pamoja na zawadi ya zabibu kavu nilizobeba kutoka Dodoma.

Tulikodi bodaboda mbili, Sh 25,000 kila moja, kuzunguka mlima hadi Ziwa Balangida. Hapo lami inaisha na vumbi linakuwa unga. Huku ndiko nchi ya Wabarabaig. Wanawake wazee bado utawaona na sketi za ngozi zenye shanga na bangili za shaba, na makovu ya duara yaliyochanjwa kuzunguka macho. Usipige picha ya mtu bila kumwomba. Sisi tulimwomba mama mmoja akakataa, tukazungumza naye vizuri tu bila picha.

Septemba ziwa limekauka sehemu kubwa. Unatembea juu yake, linavunjika chini ya kiatu kama ganda la yai. Jua linapiga chini, linarudi usoni. Kina mama watatu walikuwa wanakusanya chumvi. Mmoja ameinama na kipande cha bati kilichokunjwa, anakwangua ganda la juu kwa mikwaruzo mifupi, hagusi tope la chini. Akipata kiasi cha konzi mbili anaipepeta kwa mkono, anatoa vijiti na manyoya ya ndege, anamwaga kwenye rundo. Rundo likifika magotini linajazwa gunia, gunia linafungwa kwa kamba ya mkonge, na punda anasubiri. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka, mipasuko imeingia weupe. Nilinunua kilo moja hivi kwa Sh 1,000, kwa kipimo cha kopo. Akaniongezea konzi moja.

Tukiwa tunapumzika kwenye kivuli cha mgunga, mzee mmoja mwenye mgolole na fimbo alikuja, tukampa shikamoo, akakaa. Bodaboda wetu alitafsiri pale Kiswahili chake kilipokwama. Nilimuuliza juu ya yale mashamba ya ngano niliyoyaona kutoka juu. Akanyamaza kwanza. Yalianza miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, mashamba saba, kila moja ekari 10,000 au zaidi, kwenye malisho bora ya Wabarabaig. Walikwenda hadi mahakamani miaka ya 1980. Yeye hakuzungumzia ekari wala mahakama. Alizungumzia makaburi, bung'eda, vichuguu vya udongo wanavyojengewa wazee wao wa heshima, ambavyo trekta zilipita juu yake. "Ng'ombe anaweza kwenda kutafuta majani pengine," alisema. "Baba yangu aliyelala pale, nitamwambia aende wapi?" Tukakaa kimya. Kisha akafungua kibuyu akatupa maziwa, yana harufu ya moshi wa mti wanaofukizia. Mimi na mdogo wangu tulikunywa kwa zamu.

Siku ya 6, Jumatatu 9 Septemba: Katesh – Singida – Dodoma

Saa 1 asubuhi, Sh 6,000 hadi Singida. Hanang ulikuwa umejifunika tena. Nilikaa dirishani upande wake, na kijana wa kiti cha nyuma akamwambia mwenzake, "Hanang ule pale," mwenzake akasema haoni.

Singida tulikula kuku wa kienyeji, Sh 12,000 nusu, na anastahili kila shilingi. Tulinunua lita 5 za mafuta ya alizeti. Basi la Dodoma Sh 13,000. Kutoka Manyoni nililala hadi barabara ilipoanza kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa kuingia Bahi. Bahi ni mahali Mto Bubu unapomwaga maji yake baada ya kupita Kondoa yote, yakatandaa, yakalimwa mpunga. Mwezi ule palikuwa pakavu, nyufa tupu na ng'ombe wachache.

Nyumbani saa 2 usiku. Kwa watu wawili, siku sita, nauli, vyumba, chakula, ada na mwongozaji, tulitumia kama Sh 560,000. Goti limepona wiki ya tatu.

Chumvi ya Balangida ipo jikoni kwenye kopo la kahawa. Ina mchanga, kwa hiyo huiweki kwenye chakula moja kwa moja. Unailoweka kwenye kikombe cha maji usiku, asubuhi unachuja kwa kitambaa, mchanga unabaki chini rangi ya kahawia. Jana tuliitumia kwenye mlenda.